Kivuli Kilichozuiwa: Picha ya Kamera, Ushahidi na Huzuni ya Mtazamaji

Falsafa ya picha za kamera huanza pale maelezo ya ufundi wake yanapokoma. Mtu akishajua kwamba mwanga hupenya lenzi ukaangukia filamu au kihisi cha kidijitali, kwamba kemikali au umeme huuhifadhi, na kwamba kilichohifadhiwa huweza kutolewa kwenye karatasi mara nyingi kadiri apendavyo, bado hajaelezwa ni kwa nini kipande cha karatasi chenye ukubwa wa kiganja kinaweza kumliza mtu mzima aliyekikuta chini ya sanduku la nguo miaka thelathini baada ya mazishi. Mchoro wa marehemu huyohuyo, hata ukiwa wa mkono wa fundi hodari, kwa kawaida haumlizi kwa namna hiyo. Wala sababu haiwezi kuwa kufanana, kwa maana picha nyingi hazifanani sana na wenyewe: zimefifia, zimekunjika, zimepigwa juani mtu akiwa amekunja uso, na ndugu wote hukubaliana kwamba hapo hakutoka vizuri, lakini hakuna anayethubutu kuitupa. Uchambuzi huu unalishika swali hilo kwa upande mmoja mahususi, nao ni uhusiano uliopo kati ya kile ambacho picha inaweza kukithibitisha na kile ambacho mtazamaji hukihisi, mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku na ambayo huachana njia mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, hata mbele ya macho ya wanafalsafa wenyewe.

Taswira iliyoangushwa na mwanga ilijulikana zamani sana kabla ya kamera ya leo. Ibn al-Haytham, mwanazuoni mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo mwanzoni mwa karne ya 11, alichunguza jinsi mwanga unavyosafiri kwa mistari iliyonyooka na kinachotokea unapopita katika tundu dogo na kuangukia ukuta wa chumba chenye giza. Kilichokosekana kwa miaka mia nane iliyofuata kilikuwa namna ya kuizuia taswira isitoroke pindi tundu linapozibwa. Mfaransa Joseph Nicéphore Niépce alifanikiwa kuizuia, yapata 1826 au 1827, alipopaka aina ya lami juu ya bamba la madini na kuliacha ndani ya kamera, likitazama nje ya dirisha la nyumba yake, kwa muda mrefu kiasi kwamba jua linaonekana limeangaza kuta za pande zote mbili. Mwenzake Louis Daguerre aliuboresha ufundi huo, na mwaka 1839 ukatangazwa rasmi mjini Paris. Mojawapo ya picha za Daguerre, ile ya mtaa wa Boulevard du Temple aliyoipiga mwaka 1838, ina somo ambalo falsafa nzima ya picha imekuwa ikilirudia kwa maneno mengine. Mtaa huo ulikuwa na shughuli nyingi, lakini katika picha unaonekana mtupu, kwa sababu farasi, magari na wapita njia hawakukaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha kuacha alama juu ya bamba. Aliyebaki akionekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Kwamba mtu yule alikuwapo ni kweli isiyo na shaka. Kwamba mtaa ulikuwa mtupu ni uongo, ila uongo huo haukusemwa na bamba; umesemwa na mtazamaji anayejaza pale ambapo bamba limenyamaza.

Nadharia zenye uzito zaidi juu ya hali hii ni zile zinazoitazama picha kama alama iliyoachwa na kitu. Mmarekani Charles Sanders Peirce, aliyefanya kazi zake kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19, aligawa ishara katika mafungu matatu: kifanani, yaani ishara inayowakilisha kitu kwa kufanana nacho, kama ulivyo mchoro, ishara ya makubaliano, kama yalivyo maneno, ambayo humaanisha kitu kwa sababu watu wamepatana hivyo, na kielekezi, yaani ishara iliyosababishwa na kitu chenyewe, kama wayo mchangani unavyosababishwa na mguu au moshi unavyosababishwa na moto. Picha ya kamera ni kifanani, lakini nguvu yake ya pekee inatokana na kuwa kielekezi, kwa kuwa sura iliyomo imefanana na mwenyewe kwa sababu mwanga uliotoka usoni pake ndio uliolifikia bamba. Mfaransa André Bazin, katika insha yake ya 1945, aliiweka picha katika ukoo mmoja na maiti zilizokaushwa za Misri ya kale, yaani katika historia ndefu ya binadamu kutaka kuukinga mwili dhidi ya wakati. Kendall Walton alikwenda mbali zaidi katika makala ya 1984, akidai kwamba picha ni kitu angavu kama kioo cha dirisha, na kwamba anayetazama picha ya babu aliyekwisha kufa anamwona babu huyo kweli, ingawa si ana kwa ana, kama vile mwenye darubini anavyoiona nyota. Roger Scruton wa Uingereza aliichukua hoja hiyohiyo ya usababisho akaifikisha kwenye hitimisho la kukatisha tamaa, kwamba kitu kinachozaliwa na mashine badala ya nia hakiwezi kuwa sanaa ya uwakilishi. Hoja yake imejibiwa mara nyingi na haihitaji nafasi kubwa hapa. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya fundi wa studio akiambiwa ainue kidevu, ageuke kidogo, asipepese macho, anajua kwamba nia haikukosekana chumbani.

Jambo ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani hulitaja kwa nadra ni kwamba hoja ya kielekezi ilifikiwa pia, kwa njia tofauti kabisa, na mafakihi wa Kiislamu. Swali lao lilikuwa la kisheria: je, hadithi za Mtume zinazowaonya vikali watengenezaji wa sura za viumbe hai, kwa kuwa kutoa sura ni kazi ya Mwenyezi Mungu ambaye mojawapo ya majina yake ni Al-Musawwir, zinamhusu pia mwenye kamera? Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914, aliandika risala akijibu kwamba hazimhusu, kwa sababu mpigapicha haumbi sura mpya, bali anakizuia tu kivuli cha kile kilichokwisha kuumbwa, mfano wa kioo kinachopokea sura ya aliyesimama mbele yake. Wanazuoni wengine walimpinga na mjadala haujafungwa, ndiyo maana zipo nyumba za pwani ya Afrika Mashariki ambamo ukuta hupambwa kwa aya na mandhari lakini hakuna sura ya mtu. Hata hivyo, ukiachilia mbali hukumu yenyewe, fikra iliyomo katika risala hiyo ina ukali wa kifalsafa ambao Bazin na Walton waliufikia baadaye: picha ni kivuli kilichozuiwa, na kivuli hakiwezi kuwapo bila mwenye kivuli.

Kiswahili nacho kina mchango wake katika suala hili, na inashangaza kwamba haujachunguzwa vya kutosha. Neno lenyewe, picha, lilikuja na kamera kutoka Kiingereza, ilhali taswira, lenye mzizi wa Kiarabu unaotumika hadi leo kwa upigaji picha, lilibaki kwa Waswahili likimaanisha picha ya akilini na ya kishairi. Katika zama za filamu, picha zilikuwa zikipelekwa studio kusafishwa, na mteja alirudi baada ya siku kadhaa kuuliza kama zimekwisha kusafishwa. Kitenzi hicho kinadokeza kwamba sura ilikuwa tayari imo ndani, imefunikwa tu, na kazi ya chumba cha giza ilikuwa kuitoa uchafu uliokuwa umeificha, jambo ambalo Peirce asingekuwa na neno la kuliongezea. Lakini la maana zaidi ni namna kitenzi kupiga kinavyotumika. Anayekwenda studio kukaa mbele ya kamera husema kwamba anakwenda kupiga picha, na marafiki wanaotaka kupigwa pamoja huambiana wakapige picha. Lugha inampa tendo yule anayepigwa sawasawa na yule anayebonyeza. Nadharia za Ulaya zimezoea kumtazama mpigwa kama mtu aliyenyakuliwa kitu chake, na zimeandika kurasa nyingi juu ya kamera kama silaha. Msemaji wa Kiswahili anaijua hali hiyo, lakini anaijua pia ile nyingine, ya mtu aliyevaa, akajipaka mafuta, akalipa fedha yake na kwenda mwenyewe kuacha kivuli chake.

Mwandishi aliyeligusa suala la hisia kwa undani kuliko wote ni Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu kilichotoka mapema mwaka 1980, wiki chache kabla ya kifo chake. Mama yake alikuwa amefariki mwaka 1977, na kitabu hicho, ingawa kimevaa nguo za nadharia, ni kitabu cha msiba. Barthes alitofautisha mambo mawili akayapa majina ya Kilatini. La kwanza, studium, ni ule utambuzi wa kawaida unaomwezesha mtazamaji kuelewa picha inahusu nini, mavazi ni ya zama gani, tukio ni lipi, na kuvutiwa nalo kwa kiasi. La pili, punctum, ni kile kijambo kidogo, aghalabu kisichokusudiwa na mpigapicha, kinachomchoma mtazamaji mmoja kama sindano huku kikimwacha mwingine bila athari: namna kola ilivyokaa, kucha chafu, mkono uliowekwa begani. Baadaye katika kitabu hichohicho aliongeza kwamba mchomo mkubwa kuliko yote ni wakati wenyewe, kwa sababu kila picha humwambia mtazamaji kwa pamoja kwamba mtu huyu alikuwapo na kwamba mtu huyu atakufa au amekwisha kufa. Picha iliyomfikisha hapo ilikuwa ya mama yake akiwa na umri wa miaka mitano, iliyopigwa mwaka 1898, na msomaji anayelifungua buku hilo akiitafuta haioni popote, kwa kuwa Barthes alikataa kuichapisha, akijua kwamba kwa wengine ingekuwa picha ya kawaida tu ya mtoto wa zamani.

Nadharia hiyo imenukuliwa mno kiasi kwamba jambo moja la kuchekesha, au la kusikitisha, limeelekea kusahauliwa. Mojawapo ya mifano mikuu ya Barthes ni picha ya familia ya Wamarekani weusi iliyopigwa mwaka 1926 na James Van Der Zee, mpigapicha mashuhuri wa Harlem. Mwanzoni Barthes anasema kilichomchoma ni viatu vyenye ukanda vya mmoja wa wanawake. Kurasa kadhaa mbele anajirekebisha na kusema kwamba, baada ya kuitafakari picha akiwa mbali nayo, amegundua kuwa kilichomchoma hasa kilikuwa mkufu mwembamba wa dhahabu iliyosukwa, sawa na ule uliokuwa wa shangazi yake aliyeishi bila kuolewa. Wachunguzi waliorudi kuitazama picha hawakuuona mkufu huo. Mwanamke yule amevaa lulu. Mkufu wa dhahabu ulikuwa wa shangazi, na Barthes aliuvua katika kumbukumbu zake akamvalisha mgeni wa Harlem ambaye hakuwahi kumjua.

Miaka karibu hamsini kabla yake, Mjerumani Walter Benjamin alikuwa amekosea kwa namna inayofanana na hiyo. Katika insha yake ya 1931 juu ya historia fupi ya upigaji picha, insha iliyoanza kuliendeleza wazo lake la aura, yaani ile hali ya upekee na umbali inayokizunguka kitu cha asili na ambayo nakala hukipotezea, alieleza picha ya mpigapicha Karl Dauthendey akiwa na mchumba wake. Benjamin alijua kwamba mke wa Dauthendey alijiua, akayaona macho ya mwanamke yule yakitazama mbali kwa namna inayobashiri msiba, na juu ya macho hayo akajenga hoja nzuri mno kuhusu mtazamaji anayetafuta katika picha ya kale ile cheche ndogo ambamo wakati ujao ulikuwa umejificha. Ni kweli kwamba mke wa kwanza wa Dauthendey alijiua. Ila mwanamke aliyemo katika picha ni yule aliyekuja kuwa mke wa pili.

Makosa haya mawili yangeweza kuchukuliwa kama aibu ndogo za wasomi wakubwa, lakini yanastahili uzito zaidi ya huo, kwa kuwa yanafichua jinsi hisia inavyofanya kazi mbele ya picha. Picha haikuwadanganya: mwanamke wa Harlem alikuwapo, na mchumba wa Dauthendey alikuwapo. Kile ambacho picha inaweza kukitolea ushahidi, yaani kuwapo, kilibaki imara. Maana ndiyo iliyotoka kwingine, kwa shangazi na kwa mke aliyetangulia, ikaja kukaa mahali ambapo picha ilikuwa kimya. Haifuati kutoka hapo kwamba huzuni ya Barthes ilikuwa ya uongo. Ilikuwa huzuni ya kweli iliyokosea anwani, na haikukosea kabisa, kwa sababu ili kumhurumia mgeni ilimbidi kwanza amfanye ndugu, na njia pekee aliyokuwa nayo ya kumfanya ndugu ilikuwa kumvika kitu cha nyumbani kwao.

Hapa ndipo desturi ya pwani ya Waswahili inapoweza kuifundisha nadharia. Kwa kawaida wananadharia huanza na dhana kwamba picha ni ya kuonwa na yeyote, kisha huuliza mtazamaji huyo yeyote atahisi nini. Pwani dhana hiyo haikubaliki hivihivi. Sura ya mwanamke, hasa akiwa amejipamba, ina wenye haki ya kuiona na wasio na haki hiyo, na haki hiyo haiishii kwenye mwili bali huifuata picha yake. Ndiyo maana katika shughuli nyingi za harusi za wanawake, Mombasa, Lamu au Unguja, waalikwa huombwa wasitoe simu zao au waziache mlangoni, mpigapicha huwa mwanamke, na albamu ya bi harusi hukaa ndani, ikatolewa kwa wageni wa kike. Mtu anaweza kusema, bila kuyavuta maneno mno, kwamba picha nayo ina maharimu wake. Kwa macho ya aliyelelewa katika stara hiyo, uamuzi wa Barthes kutoichapisha picha ya mama yake, ambao wahakiki wa Ulaya wameugeuza kuwa fumbo, hauna fumbo lolote. Mwana alimsitiri mama yake.

Pwani hiyohiyo, hata hivyo, ina historia ya picha zilizonyimwa maharimu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, studio za Wagoa mjini Zanzibar, zikiwamo ya A. C. Gomes na ya ndugu wa Coutinho, zilitoa picha ambazo nyingi ziliuzwa kama kadi za posta kwa wasafiri na maofisa wa Kizungu. Wanawake waliovishwa kanga na mapambo waliwekwa mbele ya pazia, na chini ya picha yakachapwa maneno yanayotaja kabila au aina ya mtu, pasipo jina. Biashara hiyo ilianza wakati utumwa ungali halali visiwani, maana amri ya kuufuta ilitolewa mwaka 1897, na haiwezekani kudhani kwamba kila aliyeketi mbele ya pazia lile alikuwa na uwezo wa kukataa. Mtazamaji wa leo anayezikuta kadi hizo katika makumbusho ya Ulaya yumo katika hali ya ajabu: kielekezi kipo, mwanamke yule alikuwapo, mwanga wa Unguja uligusa uso wake, lakini kamba yote iliyomfunga na watu wake imekatwa. Huruma inayomjia mtazamaji haina pa kushika ila pambo la sikio na mkunjo wa kanga. Wajukuu wake huenda wanaishi mtaa wa pili kutoka ilipokuwa studio, na hawajui.

Studio za baadaye zilibadilisha mizani hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mnunuzi wa picha sasa alikuwa yuleyule aliyepigwa. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930; Mombasa ilikuwa na studio ya N. V. Parekh, na Lamu ilimpata Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, fundi aliyejifunza mwenyewe na aliyependa kukata na kuunganisha negativu hata akatoa picha ambazo hakuna jicho lililowahi kuziona duniani. Katika miaka ya 1990, wapigapicha wa kivuko cha Likoni walipamba vibanda vyao kwa mandhari za kuchorwa za ndege na za mahali ambapo wateja wao wengi, vibarua waliotoka bara, hawakuwahi kufika. Mtafiti anayeshikilia kwamba thamani ya picha ni ukweli wake ataziona kazi hizi kama michezo. Lakini pazia lenye mchoro halikumdanganya mtu, kwani mama aliyepokea picha hiyo kwa barua alijua vizuri kwamba mwanawe hajapanda ile ndege. Alichokitafuta ni kama mwanawe amenenepa au amekonda, kama shati ni jipya, kama macho yametulia. Ndege ilikuwa matakwa ya mwana na mwili ulikuwa ushahidi wake, na mama aliweza kuvisoma vyote viwili bila kuvichanganya, kazi ambayo, kama ilivyoonekana, iliwashinda Benjamin na Barthes mbele ya picha za wageni.

Suala linakuwa gumu zaidi pale ambapo picha ya mateso inapoonyeshwa kwa watu wasio na udugu wowote na anayeteseka. Mwezi Machi 1993, Kevin Carter wa Afrika Kusini alipiga picha karibu na Ayod, kusini mwa Sudan ya wakati huo, ya mtoto aliyeinama kwa njaa huku tai akiwa ametua nyuma yake. Ilipochapishwa magazetini, wasomaji wengi waliuliza kilichompata binti yule, na gazeti lililoichapisha kwanza lililazimika kueleza kwamba lilijua tu kuwa alikuwa ameendelea na safari yake. Carter alishinda tuzo ya Pulitzer mwaka 1994 na akajiua mwezi Julai mwaka huohuo. Miaka mingi baadaye waandishi waliofuatilia habari hiyo walibaini kwamba mtoto alikuwa mvulana, na kwamba alinusurika njaa ile akaja kufa akiwa mkubwa kwa sababu nyingine. Dunia ilikuwa imemlilia binti aliyeliwa na tai. Hakukuwa na binti, na tai hakula mtu. Njaa ilikuwapo, na hilo ndilo pekee ambalo picha iliweza kuliapia.

Susan Sontag, katika kitabu chake cha 1977, alidai kwamba kuona picha za mateso mara kwa mara huzifisha hisia za mtazamaji; katika kitabu cha 2003 aliitilia shaka hoja yake mwenyewe. Ushahidi wa Afrika Mashariki unaunga mkono shaka hiyo ya pili. Filamu ya njaa ya Ethiopia aliyoichukua Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, huko Korem mwezi Oktoba 1984, iliwafikia watu waliokwisha kuona njaa nyingi kwenye televisheni, na bado iliamsha michango mikubwa iliyofikia kilele katika matamasha ya Live Aid mwezi Julai 1985. Hisia hazikufa. Swali linaloachwa na picha za aina hiyo ni jingine: ni nani aliyempa mtazamaji idhini ya kumwona mama wa Korem akiwa katika hali ambayo, katika siku za kawaida, asingekubali hata jirani amwone?

Msanii wa Chile, Alfredo Jaar, alijibu swali hilo kwa vitendo baada ya kuzuru Rwanda mwezi Agosti 1994. Alipiga picha nyingi sana, na alipokuja kuzionyesha mwaka 1995 alizifungia ndani ya masanduku meusi yaliyopangwa kama makaburi, juu ya kila kifuniko yakiwa yameandikwa maneno yanayoeleza picha iliyomo. Mtazamaji alisoma, hakuona. Wapo waliouona uamuzi huo kama ukwepaji, lakini ukiupima kwa mizani ya stara unaeleweka kama sehemu ya kile ambacho walio hai humfanyia maiti kabla ya kumzika. Kinyume chake, na kwa msingi uleule, katika kumbukumbu ya mauaji ya kimbari iliyoko Gisozi, Kigali, kipo chumba ambamo zimetundikwa picha za waliouawa, lakini hizo ni picha za harusini, za kipaimara, za studio na za kubeba watoto, zilizoletwa na jamaa walionusurika. Hakuna hata moja inayoonyesha kifo, na wanaoingia humo hunyamaza. Waliotoa picha hizo walikuwa na haki ya kuzitoa, na mgeni anayezitazama anaingizwa kwa muda katika udugu ambao hakuzaliwa nao.

Katika maisha ya kila siku ya Kenya na Tanzania, haki hiyo huonekana wazi zaidi wakati wa msiba. Kurasa za tanzia na za kumbukumbu katika magazeti hujaa sura ndogo za mraba, na katika mazishi mengi ya Kikristo picha iliyokuzwa na kuwekwa kwenye fremu hutangulia mbele ya jeneza, ilhali katika mazishi ya Kiislamu jeneza huenda bila picha na sura hubaki nyumbani. Mara nyingi picha iliyokuzwa ilipigwa kwa ajili ya kitambulisho au pasipoti: uso umenyooka, mdomo umefungwa, nyuma pazia la rangi moja. Ilitengenezwa kwa ajili ya jicho la serikali, jicho lisilompenda mtu wala kumchukia, na wakati mwingine pembe ya mhuri bado inaonekana begani. Kwa kipimo cha studium ni picha maskini kupita zote, kwani haina tendo, mahali wala tabasamu. Lakini watoto wa marehemu wanaposimama mbele yake, kila mmoja anaona ndani yake mtu tofauti, na umaskini wake ndio unaowapa wote nafasi. Hakuna kitu ndani yake kinachobishana nao.

Tekinolojia mpya imeanza kuiingilia nafasi hiyo. Tangu takriban 2021 zimeenea programu zinazoichukua picha ya zamani na kumfanya marehemu apepese macho, ageuze shingo na kutabasamu, na akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, sasa inaweza kumtoa mtu katika mavazi ambayo hakuyavaa, akiwa amesimama na wajukuu waliozaliwa baada yake. Ni rahisi kulinganisha kazi hizo na mandhari ya Likoni au viunganisho vya Bakor, na ulinganisho huo si wa bure, kwani pazia lilikuwa la kuchorwa na ndege ilikuwa ya rangi. Lakini mbele ya pazia ulisimama mwili, ukazuiwa kivuli chake, na mwili huo uliweza kumpinga mtazamaji: Barthes alikosea kwa sababu zilikuwapo lulu za kukosewa, na kosa lake likagundulika kwa sababu lulu hazikuondoka. Tabasamu lililokokotolewa na mashine haliwezi kusomwa vibaya, maana hakuna siku lilipotokea wala mtu aliyeweza kuwa alilikusudia kwa namna nyingine. Mjane anaweza kulia kweli mbele yake, na hakuna sababu ya kumkataza. Ila ndugu zake wakiipokea picha hiyo kwenye simu zao, wakaitazama na kuipitisha kwa wengine, hakuna atakayesema kwamba hapo hakutoka vizuri. Humo, kila mara, marehemu ametoka vizuri.